Kibodi ya Majivu

Majivu yakinyeshewa yana harufu yake, kali kidogo, inapanda puani na kukwaruza koo. Wengine wakiinusa wanakumbuka jiko la mama. Mimi nakumbuka kompyuta. Msicheke, ngojeni niwasimulie.

Shule yetu ilikuwa Handeni, ndani ndani huko, na umeme ndio kwanza ulikuwa umefika ofisi ya mwalimu mkuu, taa yenyewe moja. Mwalimu wetu wa darasa la sita, Mwalimu Mhina, alikuwa mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Siku moja alirudi kutoka mjini na kibodi mbovu aliyopewa na fundi, waya wake umekatika. Akatuonyesha, akasema, "Dunia ya sasa, asiyejua kitu hiki ataachwa kituoni."

Sasa kibodi ni moja na sisi ni darasa zima. Kesho yake tukamkuta uwanjani ameinama na ndoo ya majivu ya jikoni, anachora. Alichora kibodi nzima juu ya ule udongo mwekundu, kila herufi na kisanduku chake cha kutosha mguu wa mtoto. Mvua ikifuta, anachora tena.

Anaita neno, wewe unaruka kwa mguu mmoja toka herufi hadi herufi. Ukitua, unasimama tuli mpaka aone hukukanyaga mstari, ndipo apaze sauti, "Ruka!" Nafasi kati ya neno na neno ilikuwa kisanduku kirefu cha chini, hapo unatua kwa miguu yote miwili. Ukikosea, unakimbilia kona ya juu kulia, kwenye jiwe bapa, maana pale ndipo pa kufutia. Mimi, bila kujisifu... ah, acha nijisifu tu, nilikuwa hatari. Nilikuwa naruka hata njiani nikienda kuchota maji.

Baba yangu hakupenda. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, mtu wa maneno makavu. "Mwalimu," alisema, "mwanangu nimemleta asome, wewe umemgeuza ndama?"

Basi ikaja habari kwamba Mzee Kanji, Mhindi mwenye duka la vifaa vya umeme Korogwe, anatoa kompyuta. Shule zipeleke mwanafunzi mmoja mmoja. Atakayewahi kuandika maneno yatakayosomwa, bila kosa, shule yake inaichukua. Nikachaguliwa mimi. Kwenye kikao cha wazazi, baba akasimama. "Nendeni. Ila mkirudi mikono mitupu, uwanja ule tunapanda mihogo, na hayo masomo ya kurukaruka basi!"

"Sawa, mwenyekiti," akajibu Mwalimu Mhina. Alitabasamu, akaenda kuchukua ndoo yake ya majivu.

Shindano lilifanyika Kilole, hapo hapo Korogwe, kwenye ukumbi uliojaa watoto wa mjini wenye soksi nyeupe pee. Mzee Kanji aliziwasha kompyuta mwenyewe, moja moja. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia na kunivutia kiti. Akatuambia tutumie herufi ndogo tu, kisha akaanza kusoma: "Korogwe ni mji wa..."

Nikaijua K mara moja. Nikaweka kidole, nikatulia nacho pale pale kama nilivyofundishwa, nikingoja kuambiwa "Ruka!" Lahaula! Kioo kikajaa k, mstari mzima, na wa pili ukaanza. Ukumbi ukaangua kicheko. Kijana wa pembeni yangu akasema, "Jamani, huyu katolewa wapi?" Machozi yakanilenga. Niliiona mihogo ya baba imeshaota uwanjani.

Nikageuka kumtafuta Mwalimu Mhina. Alikuwa mlangoni na walimu wenzake, wamekatazwa kusema neno, jasho linamtiririka. Akanitazama, kisha akainua mguu mmoja, akaruka. Mtu mzima, ndani ya suti yake ya harusi! Mwalimu wa karibu yake alisogea, nadhani alidhani mwenzake kaingiwa na siafu.

Nami nikaelewa. Nikaondoa kidole upesi, na k zikakoma. Nikakimbilia kona ya juu kulia, nikabonyeza nikang'ang'ania, na zile k zote zikarudi nyuma kama zimeitwa nyumbani. Hapo nikavua viatu. Chini ya meza miguu ikaanza kucheza, na vidole vikaifuata. Wenzangu walikuwa wanatafuta herufi kama mtu anayechambua mchele, maana kumbe chumba chao cha kompyuta kilikuwa na kufuli siku zote, wao wakichungulia dirishani. Mzee Kanji alipomaliza kusoma, mimi nilikuwa nimebakiza neno moja. Nikalimaliza, nikanyoosha mkono juu.

Akavaa miwani, akasoma taratibu hadi mwisho. "Sahihi yote," akasema. "Ila mwanangu, mbona uko pekupeku?"

Tuliporudi, baba alikuwa kituoni. Alijitwika boksi la kompyuta kichwani, akatembea nalo kijiji kizima, na kila aliyekutana naye alimwambia, "Binti yangu huyo! Wa kwangu huyo!" Habari ya mihogo sikuisikia tena.

Kompyuta ikawekwa ofisini kwa mwalimu mkuu, wazazi wamejazana dirishani. "Mwalimu Mhina, washa!" wakapiga kelele. Akafuta mikono kwenye suruali, akarudi nyuma hatua moja. "Mshindi ndiye awashe," akasema. Nikaiwasha kama nilivyomwona Mzee Kanji akifanya, kichwa kimenivimba kwa fahari.

Leo nafundisha kompyuta hapa Korogwe. Jambo la kwanza ninalowaambia wanafunzi ni hili: bonyeza, achia. Siku moja nikiwa nalisema nikajiuliza katikati ya sentensi. Mbona Mwalimu Mhina hakutuambia kuachia? Ile kibodi yake mbovu isingeweza kumwonyesha. Alitupa kitu ambacho yeye mwenyewe hakuwa nacho, na kule mlangoni alikuwa anabahatisha, anaruka tu ili nisisimame peke yangu.

Nilimfuata nyumbani kwake kumuuliza. Alicheka mpaka akakohoa.

"Na siku ile ofisini, mwalimu, uliponiachia niiwashe?"

"Mwanangu," akasema, "nilikuwa sijui hata inawashiwa wapi."