Jua la Saa Kumi na Moja

Nyanya yangu hakuwa mtu wa kubembelezwa. Akisema hali chakula, basi hali. Mwaka ule wa kwanza tulipohamia London kutoka Mombasa alitamka maneno ambayo hata leo sijayasahau: "Halitaingia tonge kinywani mwangu mpaka nilione jua kwa macho yangu, kila siku ya Mungu, mpaka mwanangu afike."

Mwanawe ndiye babangu. Tulikuja watatu, mimi, mamangu na nyanya, katika ule msukosuko ambapo kila Mhindi mwenye pasipoti ya Kiingereza alikuwa akikimbilia ndege kabla mlango haujafungwa. Babangu alibaki nyuma wiki mbili tu, auze duka la vitambaa kisha atufuate. Wiki mbili! Kabla hazijatimia, wakubwa wa huku wakabadilisha sheria, na pasipoti yake, iliyokuwa sawasawa na zetu, rangi ile ile na simba yule yule, ikawa haimfikishi popote bila vocha, yaani kibali cha kuingia. Vocha zilikuwa za foleni, na foleni haikusogea. Basi yeye kule, sisi huku, na baina yetu karani mmoja na muhuri wake.

Hapo ndipo nyanya alipoweka nadhiri. Angefanya nini zaidi? Kiingereza hajui, fedha hana, macho yote mawili yameingia mtoto wa jicho. Alichobaki nacho ni tumbo lake na jua. Sisi ni Baniani, na nyanya alikuwa akiliamkia jua tangu usichana wake. Mombasa alikuwa akipanda darini alfajiri na kichombo cha shaba, analimiminia maji na kulitaja majina yake, na la kwanza ni Mitra, maana yake rafiki. Kule nadhiri kama ile ni mzaha, jua la Mombasa utalikimbilia wapi? Hata hapa London ilianza vizuri. Kiangazi kikaja, jua likawa halitaki kulala, mimi na mamangu tukacheka pembeni. Tukasema mzee huyu ana akili, ameweka nadhiri ya kula mchana.

Kisha ikaja Novemba.

Tulipanga chumba kimoja cha juu, Ilford, kwenye nyumba ya bibi mmoja wa Kizungu ambaye alihesabu hata tunavyopanda ngazi. Dirisha lilikuwa moja, limeelekea magharibi, na nje yake, karibu sawa na uso wa mtu, palikuwa na taa ya barabarani. Asubuhi nilikwenda shule giza totoro, jioni nikarudi giza likiingia, na katikati wingu zito lililolala juu ya mapaa halina habari na mtu. Mamangu alikuwa kiwanda cha biskuti mpaka usiku, hata Jumapili. Nyanya alikaa dirishani siku nzima ndani ya koti la babangu, anangoja. Jua likijitokeza dakika tano, anakula. Lisipojitokeza, ni maji matupu. Siku moja, mbili, halafu ikawa mara nyingine siku tatu.

Nyumbani tulisali Kigujarati na tuligombana kwa Kiswahili, na siku hizo Kiswahili kilitumika sana. Mamangu alimwambia, "Mama, Mungu hana haja na njaa yako."

"Kelele! Wewe una kazi yako kiwandani, mtoto ana kazi yake shuleni. Mimi niachieni yangu."

Wiki hiyo hiyo mwalimu wetu wa historia alianza kutusomesha habari za Warumi. Mimi Warumi sikuwa na haja nao, nilikuwa nikisinzia. Mara nikamsikia akisema kwamba walipoutawala mji huu, wengi wao waliabudu jua. Usingizi ukaruka. Walikuwa wakiliita Jua Lisiloshindwa, na huko kwao Roma walilifanyia sikukuu ya kuzaliwa katikati ya baridi kali, siku zinapoanza kurefuka. Askari wao walikuwa na mungu wao pia, rafiki wa Jua, aliyekula naye meza moja, jina lake Mithra. Nikainua mkono, mara ya kwanza mwaka ule, nikauliza, "Mithra au Mitra?" Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Alisema jina lile lilitoka mashariki, na kwamba Jumatano atatupeleka tukaone hekalu lake lililofukuliwa katikati ya mji.

Nilitarajia nguzo na dhahabu. Lo! Tulikuta kuta za mawe zinazofika magotini, zimepangwa uwanjani katikati ya maofisi, zinanyeshewa, na vipande vya sigara humo ndani. Mwalimu akatueleza kwamba zamani hekalu halikuwa wazi hivyo. Nusu yake ilizama ardhini, na lilikuwa halina dirisha hata moja.

"Waliabudu jua gizani?" nikauliza.

Akasema ndiyo. Tena akasema kaskazini mwa nchi hii lilipatikana jiwe la madhabahu lililochongwa sura ya huyo mungu na miali kuzunguka kichwa chake, na ile miali imetobolewa mpaka upande wa pili, ili taa iwekwe nyuma yake na kichwa kiwake gizani. Nilisimama pale mvua ikiniingia shingoni nikiwafikiria wale askari. Wengine walitoka nchi za joto, wametupwa kwenye baridi hii, hawawezi kurudi kwao mpaka miaka yao ya utumishi iishe. Basi wakajitengenezea jua lao.

Nilimsimulia nyanya jioni ile ile. Ilikuwa siku yake ya tatu bila chakula.

"Mitra?" akasema. "Hebu rudia. Yeye naye alikuja huku?"

"Alikuja, nyanya. Alikuja na askari."

"Na vocha aliipata wapi?"

Akacheka, mwana wee, alicheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi. Alipotulia akauliza, "Na hao askari, walikuwa wakila?"

"Wakila sana! Hekaluni mlikuwa na mabenchi huku na huku, wanakula karamu humo humo gizani." Niliona mlango umefunguka, nikasukuma. "Jua hawalioni kabisa, na wanakula."

"Nipeleke nikaone," akasema.

Jumamosi mamangu alikwenda kiwandani, sisi tukapanda treni mpaka mjini. Ilikuwa siku ya sita, na mkono wake niliukamata ukawa mwepesi mno. Pale kwenye mawe alitoa kile kichombo cha shaba ndani ya koti, akamimina maji kidogo juu ya ukuta. Bwana mmoja mwenye mwavuli alipunguza mwendo akatutazama, kisha akaenda zake. Nyanya alipapasa yale mawe pole pole kutoka mwanzo hadi mwisho. Nami nikatoa chapati niliyoifunga kwenye kitambaa.

"Kula sasa, nyanya. Hili ni hekalu la jua."

Aliinua uso juu. "Jua lenyewe liko wapi?"

"Si ndilo hili, ndani ya hili..."

"Hapa pana mawe yaliyorowa. Mimi niliapa kwa macho, mwanangu. Sikuapa kwa mawe."

Tuliporudi, miguu ilimshinda kwenye ngazi. Nilimsukuma kutoka nyuma, kidato baada ya kidato, nikamkalisha dirishani, naye kichwa kikaanguka kifuani. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitano na nilikuwa na hasira ya kuweza kuvunja kioo. Niliichukia nadhiri, nikalichukia wingu, nikamchukia yule karani, nikamchukia hata babangu na vitambaa vyake. Nilijua atanifia mikononi kabla mamangu hajarudi, na babangu, kama atafika siku moja, atamkuta ameshakuwa majivu.

Ilikuwa karibu saa kumi na moja. Nje, taa ya barabarani ikawaka. Taa za siku hizo hazikuwaka mara moja. Zilianza kwa wekundu mdogo kama kaa la moto, kisha zikapanda taratibu mpaka rangi ya chungwa. Kioo chetu kilikuwa kimejaa mvuke.

"Nyanya! Jua! Jua lile!"

"Wapi?"

Nilimshika uso kwa mikono yangu miwili nikaugeuza dirishani. "Pale. Limejitokeza kabla ya kuzama."

Alitazama kwa muda mrefu. Midomo yake ikacheza, nikasikia Mitra, nikasikia na majina mengine. Akamimina maji kwenye chungu cha maua cha mwenye nyumba. Kisha akaomba ile chapati, akaila yote, na viazi vya jana juu yake, na mimi nikalia kwa furaha. Ndipo nikatambua kwamba jua langu halizami. Nikaruka nikafunga pazia. "Limezama," nikamwambia.

Nilidhani ni siku moja tu. Wapi! Kesho yake wingu lilikuwa pale pale, na nyanya anauliza, "Halijatoka lile la jioni?" Kuanzia hapo kila siku isiyo na jua ilinilazimu niwe nyumbani kabla ya saa kumi na moja, nisimame dirishani, nimwite, kisha nimfungie pazia kwa wakati. Wenzangu walibaki kucheza, mimi nikakimbilia basi. Mwalimu wa historia alitaka nibaki nisome vitabu vyake, nikamwambia nina kazi nyumbani. Mamangu akirudi alimkuta nyanya ameshakula, akamshukuru Mungu. Na barua ya babangu kila mwezi ilikuwa na neno lile lile: bado. Mamangu aliisoma akamlaumu karani. Mimi nilijilaumu mwenyewe. Nilisema moyoni, nadhiri imevunjwa na mimi, na mlango wa babangu nimeufunga mimi.

Baya zaidi lilikuja kwa daktari. Nilikwenda na nyanya kwa ajili ya kikohozi, mimi ndiye mkalimani, na daktari akamtazama macho akasema mtoto wa jicho huyu anatolewa hospitalini, bure.

"Asemaje?" nyanya akauliza.

Nikamwambia, "Asema macho hayatibiki." Kisha nikamgeukia daktari nikamwambia bibi huyu anaogopa kisu, hataki. Mungu anisamehe. Nilimwacha kipofu mwaka mzima mwingine ili asife njaa.

Majira ya baridi ya pili mamangu akasikia kutoka kwa mwenzake wa kiwandani, ambaye mama yake alipasuliwa macho akaona. Hakunishirikisha. Alikwenda na mwenzake yule akiwa mkalimani, na mambo yakapangwa. Ningesema nini?

Nyanya alirudi kutoka hospitalini na miwani minene iliyomkuza jicho. Siku iliyofuata nilikimbia kutoka shule nikijua kinachoningoja. Nilimkuta dirishani, pazia wazi, na kioo amekifuta kwa kiganja. Taa ilikuwa ndiyo kwanza inapanda kutoka wekundu kwenda chungwa. Hakugeuka.

"Lina mguu," akasema.

Nikauweka mkoba wa shule chini.

"Jua lako. Lina mguu wa chuma, na chini yake pana mbwa anakojoa." Akaivua miwani, akaivaa tena. "Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya mawe."

Nilimpigia magoti. Maneno yakanitoka yote mara moja. "Ungekufa, nyanya! Ningefanyaje? Hata wale askari jua lao lilikuwa taa, taa nyuma ya jiwe, na waliliita jua, na walikula!"

"Walijua kuwa ni taa," akasema. "Waliiwasha wenyewe. Hakuna aliyewashika uso akawageuza."

Nilingoja kofi. Nilitamani kofi. Yeye akabaki akiitazama ile taa mpaka ikatulia.

"Mamako ana kazi," akasema. "Wewe una kazi. Mimi katika nchi hii nilikuwa na kazi moja tu, na wewe umenifanyia mchezo."

Aliinuka, akafunua sufuria, akachota wali wa baridi akaula kwa mkono, amesimama, bila maji wala jina hata moja. Alipomaliza akaniambia, "Mamako asijue. Na babako asijue." Hatukulizungumza tena.

Vocha ya babangu ilitoka Aprili. Haikuelezwa kwa nini imetoka, kama ambavyo haikuelezwa kwa nini ilikuwa haitoki. Mwezi wa Mei tulimpokea uwanja wa ndege, nywele zimeingia mvi, sanduku moja dogo mkononi. Mamangu alilia, nyanya alimpapasa uso kama alivyopapasa yale mawe. Mimi nilifurahi, na usoni nikashindwa kumtazama. Nilikuwa nikidhani akifika nitapumua.

Asubuhi yake jua lilikuwa limejaa mapaa yote ya ng'ambo. Babangu aliamka mapema, akakiona kile kichombo cha shaba kwenye rafu, sasa tunawekea vijiko humo. Akavitoa, akakiosha, akakijaza maji, akamletea mamake aliyekuwa mezani akila mkate na siagi.

"Mama, jua limetoka. Huendi kuliamkia?"

Nyanya hakugeuka dirishani. "Jua la huku ni la bintiyo," akasema. "Muulize yeye, ndiye anayelitoa."

Babangu akacheka, akidhani anataniwa, akanigeukia na kile kichombo mkononi, anangoja nimweleze. Nikamwambia chai yake inapoa.