Shimo Jeusi na Matofali ya Mdogo Wangu

Sijui kutulia. Hata darasani, Ndhiwa ninakofundisha fizikia, wanafunzi hunicheka kwamba namaliza soli kabla ya chaki. Mwaka ule nilizidi, kwa sababu nilikuwa nimeomba nafasi ya kwenda kusomea anga ng'ambo, na kila kipindi kikiisha nilichungulia simu kuona kama jibu limekuja.

Huku nyuma mdogo wangu, dereva wa trekta la miwa Awendo, alikuwa ananingoja mimi. Kwetu Wajaluo mdogo hajengi katika boma la baba kabla ya mkubwa wake. Mimi ndiye kifungua mimba, na sikuwa na hata simba, kile kijumba cha kwanza cha kijana. Yeye alikuwa na mke, mtoto, na matofali mabichi aliyofyatua mwenyewe akayafunika kwa majani ya miwa.

"Nijenge ya nini na ninaondoka?" nilimwambia. Akaenda kuongeza majani juu ya matofali yake.

Mvua ikaja mapema. Jumapili nilipofika nyumbani, nilimkuta shemeji akizoa tope mahali palipokuwa na matofali. Nusu nzima ilikuwa imeyeyuka. Niliona aibu, na nikiona aibu huwa naongea mno. Nikaanza kumweleza mdogo wangu nilichofundisha wiki ile: kwamba katikati ya galaksi za kale, ulimwengu ulipokuwa bado mchanga, kulikuwa na mashimo meusi yenye uzito wa mabilioni ya majua. Kwamba si kila kinacholikaribia shimo humezwa. Gesi nyingine hurushwa nje kwa mikondo miwili mikali, nayo mikondo ile huweza kuifukuza gesi ya galaksi nzima, nyota mpya zikakosa cha kuzaliwa nacho.

Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa na tope.

"Omera, ndugu yangu," akasema, "hiyo kitu inakaa katikati, yenyewe haijengi, na wengine hawawezi kuanza. Sasa hiyo si ni wewe?"

Nilikasirika. Nilimwambia hajui fizikia, nikaondoka bila kunywa chai. Njia nzima nilitafuta kosa katika maneno yake, na sikulipata. Nilidhani kutojenga ni kubaki huru, jambo langu peke yangu.

Jumamosi iliyofuata nilirudi na nguzo, mabati manane na misumari. Majirani wakaja kukandika. Simba yangu ilitoka imepinda upande mmoja, nami nikalala humo kama desturi inavyotaka, udongo ukiwa bado unanuka maji. Jibu la ng'ambo halikuwa limekuja na bado nilikuwa nalitaka vibaya sana.

Asubuhi niliamshwa na kishindo cha jembe. Mdogo wangu alikuwa ameanza kuchimba msingi. Miaka yote ile alikuwa amenivumilia, lakini asubuhi hiyo hakungoja hata nifungue mlango.