Bei ya Chaki Kwenye Kioo

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, hawezi kuona kitu kimechakaa akakiacha kilivyo. Ndiyo kazi yake na ndiyo maradhi yake. Mpelekee sofa iliyokaliwa na kizazi kizima, springi zimetoka nje na sponji imekuwa unga, atakurudishia kitu utakachoogopa kukikalia na suruali ya kazi. Watu wanamwita Sindano. Mimi namwita Shemeji tukiwa na amani, na Sindano nikiwa nimekasirika, kwa hiyo humu mtaniona nikibadilika mara kwa mara.

Karakana yake ni chumba kirefu mbele ya nyumba yao. Ukivuka mlango unapokewa na harufu ya gundi na ngozi. Cherehani kubwa ya kushonea ngozi iko dirishani, marobota ya vitambaa yameegemea ukuta, na katikati ipo meza ndefu ya kukatia. Upande mmoja wa meza alikuwa akisimama yeye, upande wa pili akikaa dada, anapanga vifungo na kukagua mishono. Dada alikuwa na jicho kali. Mshono ukienda kombo kwa unene wa uzi, alikohoa. Hakusema kitu, alikohoa tu, na Shemeji akaanza kufumua huku akinung'unika kwamba ameoa mkaguzi.

Nyuma ya nyumba, chini ya mabati, ndipo lilipokaa gari. Ni la milango miwili, pua ndefu, limetoka kiwandani kabla sijazaliwa. Shemeji alilipata ujanani kwa mteja mmoja tajiri aliyekuwa akihama na familia yake, likawa ndiyo ujira wa viti vya nyumba nzima. Tajiri yule alikuwa mtu wa masharti, hakuwahi kubadilisha hata kifuniko cha kisahani cha majivu ya sigara. Rangi ilikuwa ya krimu, na viti vya ngozi nyekundu iliyokolea. Dada aliingia humo siku ya harusi yake, akakaa mbele kushoto, nami nikabanwa nyuma na masanduku mpaka miguu ikafa ganzi. Tangu siku ile kile kiti cha mbele kikawa chake. Hata mama mkwe alikaa nyuma.

Miaka ikapita, rangi ikafifia, ngozi ikapasuka. Shemeji hakuligusa. Msidhani ni kwa kulienzi. Hakuwa na nafasi, kazi za watu zilimjaa mpaka shingoni. Wateja wakipita nyuma ya nyumba walimtania: "Sindano, viti vya watu vinang'aa, vyako vinacheka meno yote nje!" Naye alicheka pamoja nao. Lakini mimi namjua, ile ilimchoma. Kila mwaka alisema akipata nafasi tu, watamkoma.

Halafu macho ya dada yakaanza. Kwanza akawa anagonga vikombe vilivyokaa pembeni ya meza. Kisha akaacha kukohoa, mishono ikaenda kombo na yeye kimya. Daktari akasema ni presha ya macho. Alitueleza taratibu, kama mtu anayewahurumia watu wasioelewa: kilichokwisha kuliwa hakirudi, ila upasuaji unaweza kuokoa kilichobaki, na yanatakiwa kufanyiwa yote mawili, tena bila kukawia. Akataja gharama. Tulipofika nyumbani Shemeji akasema, "Gari linauzwa."

Sasa bei. Tulikaa nyuma ya nyumba, yeye, mimi, jirani yake makanika na dalali mmoja wa magari mwenye simu nyingi kuliko marafiki. Dalali akalizunguka gari mara moja tu.

"Mzee, usinikasirikie. Hiki ni chuma chakavu chenye usukani."

"Chuma chakavu ni wewe," makanika akamjibu. "Injini ni ile ile iliyokuja nalo. Sindano, ukilitaja kwa bei ya chini, umejiibia mwenyewe."

"Shemeji unasemaje?" Sindano akaniuliza.

Mimi ni dereva wa lori, nimeona watu wakinunua mengi barabarani. Nikasema, "Bei ya gari ni pesa zote alizo nazo mtu anayelitaka kupita kiasi. Kazi ni kumpata."

Shemeji akatoa mfukoni chaki yake ya kuchorea vitambaa. Akaandika kwenye kioo cha mbele gharama ya hospitali, ile ile, bila kuongeza wala kupunguza. Akasema, "Bei ya haki ni hii. Faida sitaki. Nataka macho ya mke wangu."

Dalali akacheka, akasema hakuna mtu anayenunua macho. Hata hivyo alipiga picha, akazisambaza. Na mimi nilikuwepo siku simu ilipoita, nikasikia kwa masikio yangu, maana Shemeji huweka simu kwenye spika kama vile mtaa mzima ni ukoo wake. Alikuwa mama mmoja mkusanyaji wa magari ya zamani, mwenye sauti ya utulivu.

"Hivyo viti ndivyo vile vile vya mwanzo?"

"Ndivyo, mama," Shemeji akajibu, sauti ikashuka. "Vimechoka kweli. Utanisamehe."

"Na rangi haijawahi kurudiwa?"

"Hapana, mama. Imefifia. Nilikosa nafasi tu."

"Basi bei yako naikubali, nikilikuta kama lilivyo kwenye picha. Nitakuja mwisho wa mwezi."

Tulirukaruka kama watoto. Dada alilia. Shemeji peke yake alibaki anaitazama simu. Fundi wa viti aliyeulizwa habari ya viti vyake mara ya kwanza maishani, akasikia lawama. Mama wa watu aliuliza kwa kutamani, yeye akasikia anasutwa.

Asubuhi yake nikaondoka na lori, safari ndefu. Niliporudi, harufu ya rangi ilinipokea tangu barabarani. Gari lilikuwa linang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu ubavuni mwake. Viti vilikuwa vipya, ngozi laini, mishono miwili miwili iliyonyooka. Ile ngozi ya zamani aliifumua akaitumia kama kigezo cha kukatia mpya, kisha akaichoma kwenye pipa pamoja na sponji zake. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Nasema hivyo na bado nina hasira.

Dada alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha mbele kushoto, mikono mapajani. Shemeji alisimama mlangoni mwa gari, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, uso wote umefunguka. Tangu alipomwoa sikuwahi kumwona hivyo.

"Unaonaje?" akamuuliza.

Dada akageuza uso taratibu, huku na huku.

"Limependeza," akasema. "Limependeza sana."

Mchana, dada akiwa amelala ndani, mama yule alifika na gari lake na dereva wake. Alishuka akitabasamu, akapiga hatua kadhaa, akasimama. Tabasamu lilitoka usoni kama lililofutwa na kitambaa.

"Baba, viti viko wapi?"

"Ndivyo hivi, mama! Ngozi tupu, hakuna plastiki humo."

"Nauliza vile vya zamani."

"Vile nimevichoma," Shemeji akasema kwa fahari. "Usijali, havitakusumbua."

Yule mama alishika mlango, akaegemea. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi, maana ningempata wa kumtukana ningepumua. Alieleza kwa upole kwamba gari lililopakwa upya analipata popote. Lisiloguswa tangu kiwandani ndilo asiloliona. Alikuwa tayari kulipa ile bei kwa ajili ya ile rangi iliyofifia na ile ngozi iliyopasuka. "Ulikuwa nalo," akasema. Kisha akataja bei nyingine. Ilikuwa nusu.

Shemeji alimshukuru, akamwambia atafikiri. Mama akaondoka. Nikamvuta Sindano karakanani, nikafunga mlango.

"Kimbia ukamwite! Chukua hiyo nusu. Lifanyiwe jicho moja kwanza, jingine tutajua mbele."

Alikuwa ameshika ukingo wa meza ya kukatia.

"Lipi?" akaniuliza.

"Lipi nini?"

"Jicho. Wewe ndiye utakayekwenda kumwambia dada yako ni lipi?"

Dada tulimwambia kwamba mama yule amebanwa, atarudi. Akaitikia tu.

Tangu siku hiyo Sindano akang'ang'ania bei yake. Ilikuwa bei ya haki, alisema, na haki haina nusu. Chaki ilibaki kwenye kioo. Watu walikuja, wakasifu viti, wakapiga picha na watoto wao, wakasoma kioo, wakaondoka. Dalali akapunguza kuja, mwishowe akapunguza na kupokea simu. Nikirudi safari nilikuta chaki imefutwa ikaandikwa upya, pungufu kidogo. Safari nyingine, pungufu tena. Nyumbani nako, dada aliacha vifungo, akawa anakunja vitambaa. Kisha akaacha vitambaa. Akimimina maji alitia kidole ndani ya kikombe ili ajue yamefika wapi. Mume wake alimtazama akifanya hivyo, halafu akatoka nyuma, akasimama mbele ya kioo na chaki mkononi.

Mwishowe lilinunuliwa na mtu anayekodisha magari ya harusi. Huyo alipenda mng'aro. Alitoa pungufu ya ile nusu ya yule mama, na Sindano akapokea bila kubisha. Siku iliyofuata tulimpeleka dada hospitali. Daktari alimulika jicho la kwanza, akamulika la pili, akarudia la kwanza. Akazima taa yake.

"Mngekuja mapema," akasema. Hakukuwa na kitu cha kuokoa. Alimwandikia dawa ya maumivu. Pesa za gari zilirudi nasi nyumbani, na sijui kama kuna mzigo nimewahi kuubeba mzito kama bahasha ile, wakati mimi kazi yangu ni mizigo.

Juzi nilipita kuwasalimia. Shemeji alikuwa kwenye cherehani, anashona mto wa mtu. Dada alikuwa amekaa upande wake wa meza kama zamani. Alitaka kitambaa cha kufutia mikono, akainama, akapapasa chini ya meza kwenye mabaki. Akatoka na kipande cha ngozi, kigumu, kimepasukapasuka. Akakipitisha vidoleni mara moja, akakirudia.

"Hiki ni cha kiti changu," akasema. "Hapa ndipo nilipokuwa nashika tukikata kona."

Cherehani ikanyamaza.

"Vingine viko wapi, baba?"

Nikamwambia mimi, maana Sindano alikuwa ameinamisha kichwa karibu na sindano ya cherehani. Nikamweleza yote: pipa, maneno ya yule mama, ile nusu. Dada alisikiliza, kidole gumba kikienda na kurudi kwenye ule mpasuko.

"Kwa nini hukuviacha tu?" akamuuliza mume wake.

"Nilikuwa naona aibu mbele ya mgeni," Shemeji akasema. Kisha akasema polepole, "Na nilitaka wewe ulione kama siku ile ya harusi. Angalau mara moja, kabla ya..."

"Sikuliona," dada akasema.

"Ulisema limependeza."

"Ulikuwa umesimama pale unangoja. Ningekuambia nini?"

Shemeji alikaa hivyo hivyo, mikono juu ya mto wa mtu. Dada akakikunja kile kipande cha ngozi, akakitia mfukoni mwa gauni lake, akaendelea kupapasa chini ya meza akitafuta kitambaa.