Babu wa Madam Aliyekosekana Kitabuni

Madam wangu wa kwanza Dubai alikuwa Mkanada, lakini ukimwita hivyo tu alikusahihisha: Mkanada wa Kifaransa. Alikuwa mwalimu, na mimi nilimpikia na kumlelea binti yake kwenye fleti yao pale Al Muraqqabat. Mtu mwema, ila mwenye wasiwasi usio na mfano. Kabla hatujateremka kwenda dukani alirudi jikoni mara tatu kuangalia kama gesi imefungwa. Ya nne alinituma mimi.

Mwaka walipoingiza intaneti nyumbani, akaanza kutafuta mababu zake. Akitoka shule alikaa mezani na kompyuta, akifuatilia vitabu vya ubatizo na ndoa vya makanisa ya kwao, kutoka kwa baba hadi kwa babu. Mama yake alimwambia tangu utotoni kwamba wao ni kizazi cha mabwana wakubwa wa Ufaransa. Madam alitaka kuliona hilo kwa maandishi.

Akakwama. Babu mmoja alionekana siku ya harusi yake, lakini ubatizo wake haukuwepo popote.

"Mtu hawezi kuoa kabla hajazaliwa!" alilalamika wiki nzima.

Mambo ya majina tulishayazoea. Yeye hakutumia jina la mumewe, kwani kwao mwanamke hubaki na lake, na alishangaa kuwa mimi wa Tanga nami nimebaki na la baba yangu. Tena kwenye viza walilichukua jina la mwisho kabisa, la babu, wakalifanya ndilo langu. Siku moja kliniki nesi aliliita mara tano, nami nimekaa kimya, namwonea huruma huyo mzee asiyesikia.

Basi nikiwa nachambua mchele nikamwambia, "Madam, labda babu yako alikuwa na jina la utani."

Nikamsimulia habari za ami yangu, fundi cherehani. Kila mteja aliyeulizia nguo yake aliambiwa kesho, mpaka mtaa mzima ukamwita Kesho. Mwanawe alipoandikishwa shule, mwalimu akauliza jina la baba. Mtoto akajibu, "Kesho." Sasa hata wajukuu wana vyeti vya Kesho.

Madam hakucheka. Alinitazama kidogo, kisha akairudia kompyuta yake.

Siku mbili baadaye alipiga ukelele hadi mtoto akaangusha kikombe. Amempata! Baba wa yule bwana harusi alikuwa askari wa kawaida kutoka Ufaransa. Kitabuni liliandikwa jina lake la ukoo, kisha neno "aitwaye", kisha jina alilobandikwa na wenzake jeshini. Mwanawe alibatizwa kwa jina la ukoo, akaja kuoa kwa jina la utani. Na hilo la utani ndilo jina la madam hadi leo.

"Maana yake nini, madam?"

Akasita. "Asiye na wasiwasi."

Wallahi nilijitahidi. Nikajifunika mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Usiseme kitu," akaniambia.

"Sijasema, madam."

"Gesi umefunga?"

Hapo hata yeye aliyasikia maneno yake mwenyewe. Tulicheka mpaka tukakaa sakafuni, na mtoto akacheka pamoja nasi bila kujua kisa.

Mama yake madam alipopigiwa simu hakufurahi hata kidogo. Alisema vitabu hivyo vimejaa makosa, akakata.

Kisha madam akataka kuuchora ukoo wangu. Nilifika kwa baba wa babu nikaishiwa. Ijumaa nikanunua kadi ya simu, nikampigia shangazi Tanga. Akanimwagia majina tisa kwa pumzi moja, wanawake kwa wanaume, na nani kati yao alikuwa mkorofi. Halafu akauliza:

"Huyo mzungu anatuulizia ukoo wa nini? Ana kaka yake anataka kuposa?"

Nikamtafsiria madam, aliyekuwa akiandika mbio mbio.

"Mwambie kaka yangu ana mke."

Shangazi akajibu kwamba hilo halimtishi, mradi asilimu kwanza.