Siyo ya Mama Mkwe

Jamani, nichekeni leo mmalize, maana aibu hii nimeibeba kutoka Dodoma mpaka kwetu Sombetini, Arusha, na bado haijanitoka.

Usharika wetu ulikodi basi kwenda kutembelea Bunge, na kati ya wasafiri alikuwemo mama yake Upendo, binti niliyepanga kumpelekea posa mwezi uleule. Nilijua kabisa safari ile ni usaili wangu. Kwa hiyo mama alipouliza kama kuna aliyewahi kufika bungeni, mdomo wangu ukajibu bila kushauriana nami: "Mimi, mama. Mara mbili." (Hata Dodoma sijawahi kufika. Bunge nalijua la kwenye redio ya kinyozi.)

"Basi utanielekeza, baba," akasema, na mimi nikaona mke nimeshapata.

Tukaonyeshwa ukumbi wa zamani, tukapiga picha, tukaacha simu mapokezi, tukapandishwa jukwaa la wageni. Askari akatubananisha, nikajikuta nimekaa karibu na mama kuliko adabu inavyoruhusu (kwetu Waarusha mama mkwe humgusi, hata mkono humpi), nikajikunja ukutani. Akaninong'oneza, "Spika akihoji, na sisi tunaitikia?"

Hapo ndipo ningesema sijui. Nikasema, "Tunaitikia, mama. Kila swali, kama kwenye mkutano wa usharika."

"Wanaoafiki waseme ndiyo," Spika akasema, ukumbi ukanguruma, na mama naye akaitoa ya kwake, ikazama kwenye kelele za wabunge. Ndipo nikaona kibao nyuma ya askari: wageni wakae kimya. Jasho likanitoka, maana swali la pili lilikuwa linakuja na mama alishaanza kuvuta pumzi, na kumshika siwezi, kumziba mdomo ndiyo kabisa, nikabaki kukohoa. Akaniinamishia kichwa kwa shukrani, akidhani namkumbusha, akakaa wima.

"Wasioafiki waseme siyo."

Kimya. Kisha mama, sauti ya kwanza ya kwaya kwa miaka ishirini: "Siyoooo!"

Wabunge wote wakainua vichwa, wengine wakagonga meza kwa kicheko. Askari akamtoa, nami nikafuata nyuma. "Shikamoo mama," akamwambia pale koridoni, kwa heshima lakini kwa ukali. "Nani kakwambia mgeni anaitikia?"

Mama akaniangalia. Nafasi ya kusema ni mimi nilikuwa nayo, ila nikainama kufunga kamba za viatu.

"Ni ushamba wangu tu, mwanangu," akamjibu askari, na mpaka tunaingia Arusha hakunisemesha tena.

Posa nikapeleka hivyohivyo, roho mkononi. Wazee wakazungumza wakamaliza, na mjomba wake Upendo, mtu wa mizaha na aliyeshausikia mkasa wote, akauliza, "Wanaoafiki?" Ndiyo ikajaa sebuleni. "Wasioafiki?"

Mama akaweka birika la chai chini. Akakohoa. Akaniangalia vilevile kama kule koridoni, akavuta pumzi, na Upendo akafumba macho.

Nikaruka kutoka kwenye kochi. "Mama, sijawahi kufika bungeni! Nilikudanganya, na mbele ya askari nikakuachia aibu yangu. Nisamehe."

Upendo akafumbua macho.

"Haya," mama akasema, akachukua birika lake. "Ndiyo."

Tangu siku hiyo nikiulizwa nisichokijua nasema sijui. Juzi mtu kaniuliza njia ya kwenda Kijenge, nikamwambia sijui, na Kijenge ndiko nilikozaliwa.