Kidole Kilichoalikwa

Mwana wa dadangu alizaliwa na vidole sita mkono wa kushoto. Kile cha sita kilikaa kando ya kidole cha mwisho, chembamba, na ukucha wake kamili. Nyanya yetu alikitazama, akasema kwa sauti ya mtu anayekwambia chai imechemka, "Tutakifunga uzi. Ikifika arubaini kitakuwa kishaanguka."

Ndivyo alivyofanyiwa mjukuu wa jirani, mtaani kwetu Mji wa Kale, na leo mkononi mwake huoni ila kialama.

Lakini daktari aliupiga mkono picha. Ndani mna mfupa, alisema, tena umeungana na ule wa kando. Kisifungwe, kitaoza na kuudhuru mkono mzima. Akipata mwaka, apasuliwe. Dadangu alikuwa akilia, kwa hiyo mimi, kwa kuwa naandika riwaya, nikapewa kazi ya kwenda kumweleza nyanya.

Nilimuuliza daktari kidole kimetoka wapi. Alisema mkono wa mimba huanza kama kichipukizi. Upande mmoja wake mna seli zinazotoa ujumbe, na seli nyingine zina vipokezi vya kuupokea. Zilizo karibu hupata ujumbe mwingi, zikajenga kidole cha mwisho. Za mbali hupata kidogo, zikajenga vingine. Ujumbe ukitoka pasipo mahali pake, kidole huzidi.

"Seli yajuaje?"

"Haijui. Yaitika tu."

Nilitoka nikiwa nimeelewa kila neno, na nisielewe kitu.

Tulirudi nyumbani, dadangu akajilaza kitandani na mtoto. Kando yake nyanya alikuwa akichagua mchele, uzi mweusi umeshapakwa mafuta ya nazi, uko tayari.

"Haya, msomi wetu. Wamesemaje?"

Hapo ndipo nilipokosea. Badala ya kusema alilosema daktari, nilitafuta mfano mzuri.

"Nyanya, wamjua yule mama azungukaye kualika arusi, nyumba kwa nyumba?"

"Simjui? Alinisahau mimi arusi ya mwaka jana."

"Basi tumboni ni vivyo hivyo. Yuko mwalikaji, apiga hodi. Mlango wenye kipokezi husikia, ukafunguka, kidole kikaanza. Mara hii alipiga hodi mlango mmoja zaidi."

Nyanya akaliweka sinia chini. "Kwa hivyo hiki kimealikwa?"

"Kimealikwa."

"Hakikujileta?"

"Hakikujileta."

"Basi hakifungwi. Mgeni umwalike mwenyewe, kisha umtoe kwa uzi? Aibu."

Nilishusha pumzi. Kumbe hajamaliza.

"Wala kwa kisu."

"Nyanya, kisu ni lazima."

"Wewe si ndiwe uliyesema ni mgeni?"

Dadangu akainua kichwa kitandani. "Na huyo mwalikaji katumwa na nani? Mimi? Nilikula nini mimi?"

"Hakutumwa na mtu," nikasema.

"Mwalikaji asiyetumwa!" nyanya akadakia. "Huyo ana wazimu."

Nikaanza upya na seli, nikarudi kwenye milango, nikajikuta namtetea mtu niliyemzua mwenyewe. Sikujua tena nini kilikuwa cha daktari na nini changu.

Dadangu ndiye aliyetuokoa. Alimwita nyanya, akamshikisha kile kidole. "Bonyeza. Polepole."

Nyanya alibonyeza. Akabonyeza tena, chini kabisa, pale kinapoungana na mkono.

"Kina mfupa."

"Ndiyo, nyanya."

"Mfupa umeshika mkono wenyewe."

"Ndiyo."

"Basi mngojee mwaka, mumpeleke. Mimi siji kutazama." Akanigeukia. "Na wewe! Si ungesema mfupa kwanza?"

Alipotoka, dadangu aliniuliza kwa sauti ndogo kama ni yeye aliyekisababisha.

"Si wewe. Daktari alisema."

"Alisema kwa nini?"

Alikuwa amesema. Nilifungua kinywa nimwambie, nikaona kilichobaki kichwani mwangu ni arusi tupu.

"Mwezi ujao twarudi kwake," nikasema. "Utamuuliza mwenyewe."

"Nitamuuliza," akasema. "Wewe utakaa nje."