Himaya Isiyo na Manowari

"Hivi mumeo anagombana na nani humo ndani?"

Jirani alimuuliza hivyo mke wa Fundi Koti walipokuwa wakianika nguo, maana dirishani ilisikika sauti ya mwanamume mzima ikisihi: jamani tuelewane, tuelewane. Mke akakung'uta shuka, akajibu kwamba hagombani na mtu, na hiyo ndiyo shida yenyewe. Anatawala nyota na hataki vita.

Jirani alicheka mpaka akaangusha vibanio. Mke hakucheka.

Fundi Koti alikuwa mshonaji, na jina hilo alilipata kwa tabia moja. Mshono ukipinda kidogo tu, hata kwapani asipotazama mtu, alifumua koti zima akaanza upya. Wateja walimsifu. Mkewe, aliyemshonea vifungo, alikuwa na maneno yake, ila aliyameza. Basi binti yao alipowaachia kompyuta yake ya zamani yenye mchezo wa himaya za angani, fundi akauingia kwa tabia ile ile. Mchezo ulimtaka mtu ajenge sayari, afanye biashara na majirani na kupigana nao, mpaka muda uishe himaya yake ikiwa hai. Mwanzoni aliucheza kama watu wengine. Aliposhinda, akaona ni mwepesi mno, akajiwekea masharti. Asijenge manowari hata moja. Asiusimamishe mchezo, kwa sababu, alisema, dunia haisimami mtu akienda chooni. Na agizo likishatoka, halifutwi.

"Nani kakuwekea?" mkewe aliuliza.

"Mimi."

"Basi jiondolee."

Akamtazama kama fundi aliyeambiwa abandike mfuko kwa gundi.

Himaya ya kwanza ikaliwa. Ya pili nayo ikaliwa, na kila ilipoanguka nyumba ilikaa kama ina msiba, chakula kikipoa mezani. Mke naye, bila kutaka, akawa anajifunza. Akishona vifungo kando ya mumewe, aliijua sayari ya wachimba chuma, alimjua na jirani wa kushoto kuwa mkorofi. Katika sala zake, baada ya watoto na wagonjwa, alijikuta akiwataja wale watu wa kwenye kioo. Aliona haya, lakini hakuwatoa.

Safari hii kulibaki kidogo tu muda uishe. Fundi alikuwa amewatuliza majirani wote kwa zawadi na mikataba. Mchana huo mteja akabisha hodi chumba cha mbele, anataka kupimwa suruali. Fundi akainuka, utepe shingoni, akauacha mchezo ukienda.

Alama nyekundu ikawaka. Mkorofi wa kushoto anakuja na meli za mizinga. Mke akaita. Fundi, pini mdomoni, akaguna kwamba anakuja, lakini hakuja, maana mteja alikuwa bado anaeleza habari za kiuno chake. Mke akawatazama wachimba chuma wake. Kidole kikaenda chenyewe kwenye picha ya manowari, aliyoiona ikibonyezwa zamani, kabla ya masharti. Akabonyeza. Akabonyeza tena na tena.

Fundi aliporudi, adui alikuwa amegeuza. Mke akangoja shukrani.

"Nani kajenga hizi?"

"Mimi. Walikuwa wanakuja kuua watu."

"Naona."

"Sasa hawafi tena."

"Naona, mke wangu."

Akakaa, akaifuta himaya yote, akaanza tena na sayari moja.

Hapo mke akayatoa yote aliyoyameza tangu koti la kwanza. Mtu gani anajifunga kamba mwenyewe, halafu analalamika inambana? Mwenyezi Mungu ametupa amri za kutosha, nani alimwomba aongeze zake? Na wale watu waliookoka, amewafuta kwa mkono wake, je, hao hawakuwa na mama?

Fundi alisikiliza mpaka mwisho, macho yake kwenye sayari changa. Kisha akasema, kwa upole ule anaomwambia nao mteja ainue mkono:

"Nakuomba kitu kimoja tu. Siku nyingine ukiona wanakuja kunichoma, niache nichomeke."